Kubadilishana Mlango

Kwa miaka mingi nilikuwa mkalimani wa mahakama. Kazi hiyo humfunza mtu kanuni moja ambayo hufuatana naye mpaka kitandani: alichokiona shahidi kina uzito wake, alichoambiwa na jirani hakina. Mimi nilistaafu, kanuni haikustaafu. Kwa hiyo katika haya nitasema niliyoyaona katika mtaa wetu wa Eastlands miaka ya tisini, na pale nitakapolazimika kutaja niliyoyasikia, nitakiri kwamba niliyasikia tu. Majirani waliniita Mzee wa Korti. Hawakuwa wakinisifu.

Mtaa wetu ulijengwa na baraza la jiji wakati wa mkoloni. Ulikuwa majengo ya zege ya ghorofa tatu yaliyozunguka uwanja wa nyasi, yenye paa bapa, roshani ndefu, na kuta za matofali ya matundu yaliyopitisha upepo na, msimu wa masika, mvua. Tulipohamia, mke wangu na mimi tukiwa vijana, chokaa yake ilikuwa nyeupe kiasi cha kuumiza macho adhuhuri. Kufikia miaka ninayoisimulia weupe ule ulikuwa umegeuka rangi ya chai ya maziwa. Nyasi zilikuwa zimekwisha, taa za uwanjani zilibaki nguzo, na maji yalipanda hadi kwetu ghorofa ya juu pale yalipopenda. Kitu kimoja tu hakikuchakaa, nacho ni ngazi. Zilipanda nje ya jengo, nyembamba, zimechomoza ukutani bila nguzo ya kuzibeba wala chuma cha kushikia, na katikati ya kila ghorofa zilikata kona kali, kana kwamba aliyezichora hakuwahi kufikiri kwamba mtu huzeeka.

Dhidi ya ngazi hizo wakazi walikuwa wamejitungia dawa. Magoti ya mtu wa juu yakichoka, alibadilishana mlango na mtu wa chini ambaye bado alikuwa na nguvu. Ofisi ya nyumba haikuulizwa. Kilichohalalisha jambo kilikuwa jiko. Kabla ya kitanda, kabla hata ya sufuria, kila mmoja alibeba jiko lake la makaa likiwa linawaka na kuliweka ndani ya mlango wa mwenzake, mbele ya majirani. Likishatuliwa, nyumba imepata mwenyewe mpya. Nimeyaona hayo kwa macho yangu mara nyingi, na katika utumishi wangu wote sijaona hati iliyoheshimiwa kuliko jiko lile.

Kiharusi kilimpata mke wangu asubuhi moja akiwa karoni, pale uwanjani wanawake walipofulia. Kilimchukua mkono na mguu wa kulia, kikamwachia ulimi, na ulimi wake haukuwa wa kupuuzwa. Aliporudi kutoka hospitali vijana wa jengo walimpandisha akiwa ameketi kwenye kiti cha mbao, kwa sababu aliyelala hapiti kwenye kona zile. Aliyeketi hupita kwa shida.

Jumapili ya Pasaka iliyofuata alitaka kwenda kanisani. Vijana walewale wakaja.

"Sasa mathe, shika kiti vizuri. Hatutakuangusha."

"Mkiniangusha," akasema, amekwisha kujifunga kitambaa cheupe cha chama cha akina mama, "hata mimi nitafufuka siku ya tatu, nije niwatandike."

Walicheka hadi wakalazimika kutua kiti. Kushuka kulikwenda vyema. Wakati wa kupanda, kwenye kona ya juu, mmoja aliteleza, kiti kikainama upande wa uwanjani. Mke wangu aliushika ukuta kwa mkono wake mzima, vidole vikiwa ndani ya matundu ya matofali, akaning'inia hapo hadi walipomnyoosha. Ngozi ya vidole ilibaki ukutani. Nilipokuwa namfunga dawa aliniambia, bila kunitazama:

"Baba, sitashushwa tena kama kreti la soda. Nitashuka siku nitakapopata mlango wa chini. La sivyo, niache hapahapa."

Nilimjua. Hakuwa akitisha.

Chini yetu, katika mlango wa kwanza kutoka uwanjani, aliishi mjane mmoja mwenyeji wa mkoa wa kati, fundi wa cherehani. Yeye na mke wangu hawakuwa na lugha ya mama moja, lakini walikuwa wamefua pamoja kwa miaka mingi, na watu waliofua pamoja hawana siri kubwa. Alikuwa mdogo kuliko sisi, miguu yake imekomazwa na kukanyaga cherehani. Nilishuka kumwomba. Hakuningoja nimalize, alipanda mwenyewe hadi kwetu, akaketi kitandani kando ya mgonjwa.

"Dada, mimi sina shida. Cherehani ndiyo itawatoa vijana jasho. Nitashonea huku juu nikiangalia watu kichwani kama mbunge."

"Ukishakuwa mbunge utatusahau."

"Wewe nitakukumbuka wakati wa kura."

Wakachagua Jumamosi. Kuanzia siku hiyo mke wangu alibadilika. Alidai kuchanwa nywele. Alianza kunieleza atakachokipanda kwenye kipande cha ardhi kilicho mbele ya mlango wa chini: sukuma wiki, na kunde za kwao ambazo soko la hapa halikuzijua. Akanitazama nikila na kusema jiko letu lina ufa, na kwamba hataingia nyumba mpya na jiko lililopasuka. Nikalipeleka Kariobangi kwa fundi wa jua kali, akalitia udongo mpya na kulikaza bati. Mke wangu aliligonga kwa kucha, akasikiliza mlio wake, akaridhika.

Katikati ya wiki hiyo wakaja wageni. Walikuwa watu wa heshima, wenye kamera na karatasi kubwa za michoro, wakizunguka majengo yetu kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona mtaani kwa miaka mingi. Nilishuka kuwauliza shughuli yao, nikaelezwa kwa adabu. Mtaa wetu, walisema, ni mfano adimu wa ujenzi wa kisasa wa enzi yake, na ungeingizwa katika orodha ya majengo ya kuhifadhiwa. Kilichowavutia zaidi ni ngazi. Bwana mmoja kijana alizipapasa kama mtu anavyopapasa shingo ya farasi.

Nikamuuliza kama, kabla ya kuhifadhiwa, zingeweza kutiwa chuma cha kushikia.

"Tafadhali, mzee, hapana," akasema, na nasadiki kwamba aliumia kweli. "Huo mstari wake ndio roho ya jengo."

"Mke wangu anaishi mwisho wa huo mstari," nikamwambia, "na hawezi kuushuka."

Akatazama juu. Mke wangu alikuwa kwenye roshani, mahali pake pa kila siku, kwenye kile kiti cha mbao. Yule bwana akatabasamu, akainua kamera. Mke wangu naye akainua mkono wake mzima. Sijui kama alikuwa akisalimu au akijificha uso, na sikuwahi kumuuliza.

Jioni hiyohiyo mtaa ulikuwa umekwisha kuzaa habari yake. Niliikuta kibandani nilipokwenda kununua maziwa. Kinyozi, mtu mchangamfu aliyenyoa watu nje ya kibanda, alinisomea kama hukumu.

"Mzee wa Korti, umesikia? Wanahesabu milango. Wakikuta jina si la mlango wako, unatolewa nje na vyombo."

"Nani amekwambia?"

"Ah, mzee! Kila mtu anajua."

"Kila mtu si shahidi."

"Sawa," akasema, akipangusa mashine yake, "lakini kila mtu ndiye hutolewa."

Waliokuwepo wakacheka, nami nikaondoka na maziwa yangu. Niliichukulia habari ile kama nilivyochukulia zote zilizozaliwa kibandani: sumu ya panya iliyotiwa ndani ya visima, mtaa uliouzwa kwa Mhindi, noti zinazokufa wiki ijayo. Nilikuwa nimezungumza na wageni wenyewe. Hawakuwa wametaja majina wala milango.

Jumamosi asubuhi niliwasha jiko mwenyewe. Mke wangu alikuwa kwenye roshani, amejifunga kitambaa chake cheupe, akitoa amri juu ya makaa. Yaliposhika vizuri nililichukua kwa vitambaa viwili, nikashuka ngazi kwa uangalifu, ubavu umeegemea ukuta. Majirani walikuwa wamekusanyika uwanjani kama desturi ilivyotaka. Walinipisha. Hapo ndipo nilipoona kwamba hakuna aliyekuwa akitabasamu.

Mlango wa fundi ulikuwa umefungwa. Nilisimama mbele yake, joto likinipanda mikononi, na ilinibidi nibishe kwa mguu. Kutoka juu nikasikia sauti:

"Baba, mbona umesimama?"

Mlango ukafunguliwa kidogo. Fundi hakuwa amefunga hata kifurushi kimoja. Cherehani ilikuwa mahali pake, nguo ya mtu chini ya sindano.

"Mzee, rudisha jiko," akasema kwa sauti ya chini. "Nakuomba. Rudisha."

Nililitua chini, nje ya kizingiti, nikamwambia kwamba habari ile ni uvumi. Akatikisa kichwa. Ndipo akanieleza, pale mlangoni, majirani wote wakisikia, jambo ambalo mke wangu bila shaka alilijua na mimi sikulijua. Mume wake alipofariki walikuwa wakiishi mtaa mwingine, katika nyumba iliyoandikwa jina la marehemu. Alikwenda ofisini akiwa na watoto. Akaambiwa: kaa, mama, hakuna atakayekugusa. Akakaa. Kabla mvua haijaisha akatolewa, vitanda vikatupwa nje, na mashine aliyoachiwa na mama yake ikavunjwa shingo kwenye mtaro. Majirani walikuwa wamemwonya wiki nzima ahamishe vyombo. Hakuwasikiliza, kwa kuwa ofisi ilikuwa imemwambia akae.

"Uvumi ulisema kweli siku ile, Mzee. Ofisi ndiyo ilisema uongo. Sasa unataka nisikilize nani?"

Nililiinua jiko nikapanda nalo. Mke wangu alinitazama nikilitua roshanini mbele yake. Makaa yalipokuwa majivu akasema tu, "Usimkasirikie."

Nilimkasirikia. Jumatatu nilikwenda ofisi ya nyumba nikiwa nimevaa koti nililovaa mahakamani. Nilipokewa, baada ya kungoja, na karani aliyekuwa mpole. Akasema hakuna agizo lolote la kuhesabu milango, na kwamba wazee wanaobadilishana ghorofa kwa sababu ya ugonjwa hawatasumbuliwa. Nikamsihi afike mtaani amwambie mama yule kwa kinywa chake. Akasema hiyo si kazi yake. Nikamwomba aandike. Akasema hawezi kuandika kuhusu agizo ambalo halipo. Kwa mantiki, alikuwa sahihi.

Nilirejea moja kwa moja kwa fundi nikamweleza kila neno, kama nilivyokuwa nikieleza mbele ya hakimu, bila kuongeza wala kupunguza. Alikuwa akishona. Aliinua mguu kutoka kwenye kikanyagio ili anisikie vizuri, na alinisikiliza hadi mwisho.

"Wewe ulimwona huyo karani?"

"Nilimwona."

"Mimi sikumwona. Hayo nayo ni ya kusikia, Mzee wa Korti."

Hakusema kwa kejeli. Machozi yalikuwa yakimtoka. Kisha akarudisha mguu, na cherehani ikaendelea.

Kuanzia hapo mke wangu aliishi roshanini. Sitaandika kwamba alikata tamaa, maana sikuingia moyoni mwake. Nitaandika nilichokiona. Hakutaka tena kuchanwa nywele. Kunde alizoagiza kutoka nyumbani zilibaki ndani ya pakiti ya unga, zikapekechwa na wadudu. Akina mama wa chama chake walipanda kuomba naye, mwanzoni wengi, halafu wachache, halafu Jumapili ambazo mvua haikunyesha. Fundi alipanda kila mara. Alimwosha, akamshonea gauni linalofungwa mbele ili mkono mgonjwa usiteswe, na walizungumza kwa muda mrefu. Mlango haukutajwa. Mimi niliketi chumbani nikiwasikia wakinong'ona kama wasichana, nikawaza kwamba kila kilichohitajika kumshusha mke wangu kilikuwepo ndani ya jengo lile: mlango, jiko, na mwanamke aliyempenda. Hakukuwa na mtu mwovu wa kumshtaki. Ningempata, ningejua la kufanya.

Alifariki asubuhi, akiwa kwenye kiti chake, chai ikiwa bado ina moto pembeni yake. Vijana walikuja. Walimshusha kwa kiti kilekile, wamemfunga kwa shuka asianguke, na safari hii hakuna aliyeteleza.

Kwetu magharibi marehemu hasafiri kutoka mochari moja kwa moja. Lazima kwanza aingie nyumbani kwake, aagwe na nyumba yake, ndipo aende kuzikwa. Shemeji yangu, kaka wa marehemu, alifika kulisimamia hilo. Jeneza lilipoletwa uwanjani aliwaamuru vijana walipandishe. Walifika kwenye kona ya kwanza, likakwama. Wakalirudisha, wakaligeuza, likakwama tena.

"Liinueni wima!" akaamuru.

"Mzee, wima mwili wa mathe utateremka wote miguuni," kijana mmoja akasema, jasho likimtiririka.

"Basi vunjeni huo ukuta wa matundu!"

"Huo hauguswi," mtu akasema kutoka chini. "Ni wa kuhifadhiwa."

"Ati nini? Ukuta ndio unahifadhiwa, na dada yangu je?"

Jeneza lilikuwa limeshikiliwa pale kwenye kona, nusu ngazini na nusu hewani, na wanawake walikuwa wameacha kuimba. Nikasema lishushwe, aagwe uwanjani. Shemeji akanijia juu: dada yake si mbwa wa kuagwa nje.

Ndipo fundi alipotoka. Alikuwa amesogeza cherehani hadi ukutani na kufagia. Alifungua mlango wake, mabawa yote mawili, akasema, "Mleteni."

Wazee wawili wa kwao walikuwepo, wakamvuta pembeni. Niliielewa lugha yao. Ilikuwa mojawapo ya nilizozitafsiri kwa miaka. Walimkumbusha kwamba kwao maiti haiingizwi nyumbani, sembuse maiti ya ukoo mwingine, na kwamba mwiko huo haumkuti yeye peke yake bali na watoto wake. Akawajibu kwamba amesikia. Kisha akanigeukia.

"Mzee, kwanza jiko lake."

Nilipanda. Makaa yalichelewa kushika, lakini hakuna aliyeniharakisha. Nilishuka nalo likiwaka, ubavu ukutani kama siku ile, watu wakanipisha, nikaingia na kulitua ndani ya mlango wa chini. Jeneza likafuata. Liliingia bila kuinamishwa, kwa maana mlango ule ulikuwa mpana na kizingiti chake kilikuwa sawa na ardhi. Shemeji yangu alitazama jiko, akamtazama fundi, akavua kofia.

Tulimzika nyumbani kwetu magharibi. Niliporudi mtaani fundi aliniita kabla sijakanyaga ngazi. Jiko lilikuwa nje, karibu na kizingiti, limetolewa majivu na kupanguswa.

"Chukua jiko lako, Mzee," akasema, akitazama uwanjani kwanza upande huu, kisha upande ule. "Likikaa kwangu watasema tulibadilishana mlango."

Nililichukua. Sikuona sababu ya kumwambia kwamba nusu ya mtaa ilikuwa imeliona likiingia. Aliyekuwa na moyo wa kuvunja mwiko wa kwao mbele ya wazee wake hakuwa na moyo wa kuweka bati hilo ndani mpaka kesho, na baada ya kuyafikiri hayo kwa miaka siwezi kusema kwamba alikosea.

Nimeambiwa kwamba majengo yetu yamo katika orodha. Bango la kutangaza hivyo sijaliona. Sijaona pia mtu aliyehesabu milango, wala aliyetolewa kwa sababu ya mlango usio wake; lakini tangu Jumamosi ile hakuna aliyebadilishana tena, na wazee wa juu hukaa juu. Fundi naye amehama, sijui alikokwenda, na mlango wa chini una watu nisiowajua vya kutosha kuwaomba kitu. Magoti yangu nayo yameanza kuchoka. Kwenye kona ya kwanza husimama kidogo, nikiushika ukuta kwa vidole ndani ya matundu, na mara nyingine vijana wenye kamera hunisihi nisogee pembeni ili ngazi zionekane.